Taji, Kofia au Subana? Istilahi za Kutengeneza Meno ya Mbwa Yaliyovunjika

Mfasiri mmoja alituletea, kwa ajili ya kusahihishwa, kijitabu cha maelekezo kwa watunzaji wa mbwa wa ulinzi. Katika ukurasa wa meno tulikuta sentensi hii: "Taji likivunjika na kiini kikaonekana, mbwa apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo." Sentensi ni fupi, sarufi yake haina kasoro, wala hamna neno ndani yake ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi hajapata kulisikia. Hata hivyo tulipowasomea watu watatu tulipata maana tatu. Wa kwanza alidhani ni habari ya tuzo katika mashindano ya mbwa. Wa pili, ambaye aliwahi kutengenezwa jino hospitalini, alifahamu kuwa kilichovunjika ni kile kifuniko cha madini ambacho daktari hulivika jino bovu. Wa tatu, mwalimu wa biolojia, alifahamu kuwa ni ile sehemu ya jino lenyewe iliyo juu ya ufizi.

Huyu wa tatu ndiye aliyepata. Lakini kijitabu hakikuandikwa kwa ajili ya walimu wa biolojia. Kiliandikwa kwa ajili ya askari na walinzi wanaoshika kamba ya mbwa usiku na mchana, na mtunzaji atakayeifahamu sentensi hiyo kama alivyoifahamu mtu wa pili atatazama kinywani mwa mbwa wake, ataona hamna kifuniko cha madini humo, na atasema moyoni kwamba habari hii haimhusu. Mbwa naye hasemi. Aghalabu huendelea kula na kufanya kazi huku jino limekatika na kiini ki wazi, maana wanyama wa jinsi yake huficha maumivu. Ndiyo sababu tumeona yafaa kulichambua neno hili moja pamoja na ndugu zake.

Asili ya utata ni lugha tunayofasiri kutoka kwayo. Waingereza hutumia neno moja, lile la taji la mfalme, kwa vitu viwili: sehemu ya jino inayoonekana, na kifuniko bandia kinachochukua nafasi ya sehemu hiyo inapoharibika. Daktari wao haoni taabu, kwani muktadha humwongoza. Mfasiri wetu alipokuta neno moja aliandika neno moja, na hapo ndipo alipojikwaa. Si wajibu wa Kiswahili kurithi utata wa jirani.

Kabla ya kuchagua maneno hatuna budi kukifahamu kitu chenyewe. Mbwa mzima ana meno 42, naye alipokuwa mtoto alikuwa na meno 28 ya utotoni. Kila jino lina mzizi uliofichwa ndani ya taya, shingo penye ukingo wa ufizi, na sehemu ya juu inayoonekana. Sehemu hiyo ya juu imefunikwa na enameli, kitu kigumu kuliko mfupa. Enameli ya mbwa ni nyembamba, haifiki unene wa milimita 1, hali ya mwanadamu hufikia milimita 2 na zaidi mahali penye unene. Chini ya enameli iko dentini, na katikati ya dentini kimo kiini: mchanganyiko wa mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, ambao hushuka kwa njia nyembamba hadi ncha ya mzizi. Wapo wanaonung'unika kwamba kiini tayari kina kazi nyingi, katika yai, katika seli, katika hoja. Twakubali; lakini hatujapata kusikia mtu akikosea jino kwa yai, na neno limekwisha kuzoeleka.

Katika majina ya meno Kiswahili kimejaliwa. Jino refu lililochongoka pembeni tunaliita chonge, jina litokanalo na umbo lake. Lugha nyingi za Ulaya zimelipa jino hilo jina la mbwa kwa njia ya Kilatini, hata katika kinywa cha binadamu, na mwandishi wao anapotaka kutaja jino hilo la mbwa hulazimika kusema kitu kama "jino la kimbwa la mbwa". Sisi twasema chonge ya mbwa, basi. Ama kuhusu yale meno mawili makubwa ya shavuni ambayo hupishana kama makali ya mkasi yanapokata nyama, yaani gego dogo la nne la taya la juu na gego kubwa la kwanza la taya la chini, hatujaona jina lililokubalika. Tunapendekeza gego mkasi. Jina hili laeleza kazi, nalo ni fupi.

Chonge na gego mkasi la juu ndiyo meno ya mbwa yanayovunjika zaidi, na yote mawili yana sababu zake. Chonge huvunjika kwa kukamata na kuvuta, kwa pigo la gari au rungu, au kwa mbwa kung'ang'ania nondo za kizimba. Gego mkasi huvunjika kwa kutafuna vitu vigumu kuliko lenyewe: mifupa mikavu, pembe, mawe, hata vipande vya barafu. Kitu kisichoingia alama kinapobonyezwa kwa ukucha wa dole gumba ni kigumu mno kwa jino la mbwa.

Ni katika kueleza namna jino linavyoharibika ndipo tulipogundua kwamba wafasiri wengi wanaacha mali nyumbani na kwenda kukopa. Tulihesabu, katika kijitabu kile, neno "kuvunjika" mara kumi na tisa, kwa mambo ambayo Mswahili wa kawaida angeyatofautisha bila kufikiri. Jino likitoka kipande ubavuni, limemeguka. Likiondoka ncha yote, limekatika. Likigawanyika kutoka juu kwenda chini, limepasuka. Likiwa na mstari tu na halijaachana, lina ufa. Likitoka zima na mzizi wake, limeng'oka. Gego mkasi la juu halivunjiki kama fimbo. Humeguka bapa moja la upande wa nje, aghalabu likaendelea kuning'inia kwenye ufizi. Mtunzaji aliyeambiwa atafute jino "lililovunjika" hutafuta kisiki, hakioni, naye huandika kuwa meno ni mazima. Akiambiwa atafute jino lililomeguka, atatazama ubavu wake.

Kadhalika kuna kupungua kwa jino pasipo kuvunjika. Wataalamu hutofautisha hali mbili: jino kuliwa kwa kugusana na jino jingine, na jino kuliwa kwa kusuguliwa na kitu cha nje kama mpira, kokoto au nondo. Lugha za Ulaya zimetafuta maneno mawili ya Kilatini yanayofanana hata wanafunzi wao huyachanganya. Sisi tunayo kauli ya kutendana. Meno yaliyosagana yameliwa na wenzao; jino lililosuguliwa limeliwa na kitu kingine. Tunapendekeza msagano kwa hali ya kwanza na msuguo kwa hali ya pili. Mbwa anayeng'ata nondo za kizimba huliwa chonge upande wa nyuma. Huo ni msuguo, na usipozuiwa jino hudhoofika hata siku moja likakatika lenyewe.

Chuo cha Marekani cha Madaktari wa Meno ya Wanyama, kilichoanzishwa mwaka 1988, kina kamati yake ya istilahi, na kamati hiyo imeyagawa mavunjiko ya meno katika aina saba, kuanzia ufa wa enameli peke yake hadi kuvunjika kwa mzizi. Katika mgawanyo huo limo jambo ambalo limewapotosha wafasiri wawili tuliowasoma. Mvunjiko usiofikia kiini huitwa kwa neno lenye maana ya kutokuwa na matatizo, na ule uliokifunua kiini huitwa kwa neno lenye maana ya kuwa na matatizo. Mmoja aliandika "mvunjiko rahisi" na "mvunjiko mgumu". Mwingine "mvunjiko sahili" na "mvunjiko changamano". Maneno yote manne yanamwambia msomaji habari ya ugumu wa kazi ya daktari, jambo asilolihitaji, na kumnyima habari anayoihitaji, yaani kwamba kiini kimefikiwa ama hakikufikiwa. Kwa nini tusiseme hivyo hivyo? Mvunjiko usiofika kiini. Mvunjiko uliofika kiini. Ni istilahi ndefu kidogo, lakini mtu aweza kuitumia bila kufundishwa. Tena yafaa tuongeze kwamba jino ambalo mvunjiko wake haukufika kiini nalo hustahili kupigwa picha ya eksirei, kwa kuwa dentini iliyofunuka hupitisha vijidudu, na jino laweza kufa polepole bila dalili ya nje. Neno "rahisi" lingemlaza mtunzaji usingizi.

Jino ambalo kiini chake kimefunuka lina njia mbili za haki: kung'olewa au kutibiwa mzizi. Kuliacha si njia. Kiini hufa, uchafu hushuka hadi ncha ya mzizi, na jipu hutunga. La gego mkasi la juu hujitokeza kama uvimbe chini ya jicho, nao watu huudhania ugonjwa wa jicho. Kwa mbwa mchanga ambaye jino lake halijakomaa, kiini chaweza kuokolewa kikiwa hai iwapo atafikishwa kwa daktari katika muda wa saa 48 hivi. Hapo ndipo msomaji ataona kwa nini kijitabu kilisema "siku hiyo hiyo", na kwa nini sentensi isiyoeleweka si kosa la mtindo tu.

Tiba ya mzizi kwa mbwa ni ile ile ya binadamu, ila mgonjwa hafungui kinywa kwa hiari, hivyo kazi yote hufanyika akiwa katika nusukaputi. (Neno hili la wazee, nusukaputi, limeanza kutupwa na waandishi ambao huandika "ganzi kamili" au "usingizi wa dawa". Hatuoni sababu. Ganzi ni ya mahali. Nusukaputi ni ya mwili mzima.) Daktari hutoboa jino, hutoa mabaki ya kiini, husafisha njia ya mzizi kwa tupa nyembamba mithili ya sindano, huiosha kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha huijaza. Kitu kinachojaziwa ni utomvu mgumu wa mti wa nchi za Wamalai, nasi twauandika gutapacha. Si mgeni kabisa kwetu: nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari katika karne ya 19, ukiwamo ule uliofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, zilivikwa utomvu huo huo ili maji yasiingie. Kazi yake ndani ya mzizi haiko mbali na hiyo.

Jino lililotibiwa hivyo haliumi tena, lakini limepungua nguvu. Kwa mbwa wa nyumbani anayelala barazani, kuziba tundu kwaweza kutosha. Kwa mbwa wa polisi, wa jeshi au wa doria, ambaye chonge yake ndiyo chombo chake cha kazi, huhitajika kitu cha kulikinga jino lisivunjike tena. Hapo ndipo kinapoingia kile kifuniko tunachokitafutia jina. Daktari hulichonga jino kidogo pande zote, huchukua umbo lake kwa ute unaoganda kama mpira, na umbo hilo hupelekwa kwa fundi. Fundi hutengeneza mfano wa jino kwa jasi, kisha husubu madini katika kalibu kama afanyavyo sonara. Siku nyingine mbwa hulazwa tena kwa nusukaputi, na kifuniko hugandishwa juu ya jino kwa saruji ya meno. Kwa mbwa madini hupendelewa kuliko kauri, ijapokuwa kauri ndiyo inayofanana na jino. Kauri haivumilii taya la mbwa. Hutumika aloi za nikeli au kobalti pamoja na kromi, titani, na mara nyingine dhahabu. Chonge iliyotengenezwa hivyo kwa kawaida hufanywa fupi kuliko ya asili, kwa maana urefu ukizidi jino huwa kama mtaimbo, nao mzizi ndio hulipa.

Majina yaliyoletwa mbele yetu ni haya. Taji tumekwisha kulieleza. Lina ubaya wa kuwa na kazi nyingine ndani ya jino lile lile. Kilemba kilipendekezwa na mwenzetu kwa hoja kwamba jogoo naye ana kilemba, na kwamba kilemba hukaa juu. Lakini kilemba huzungushwa, hakichopekwi. Tena mzee mmoja wa pwani alitusihi tusikifikishe kilemba kinywani mwa mbwa, nasi tuliuheshimu usemi wake. Ala ni nzuri kwa umbo, ila ala ni ya kuchomolewa, na jino si kisu. Noleo lilitupendeza kwa muda mrefu. Ile pete ya chuma inayobana mpini mahali chuma kinapoingilia, ili mpini usipasuke, ndiyo kazi hasa inayofanywa na ukingo wa kifuniko hiki unapolibana jino karibu na ufizi. Mtu aliyebuni noleo na mtu aliyebuni kifuniko cha jino walikuwa na shida moja. Ila noleo li wazi juu na chini, na kitu chetu kimezibwa juu. Tunashauri noleo litunzwe kwa ajili ya ukingo huo peke yake, kwani nao una jina lake katika lugha za wataalamu, na jina hilo ni lile lile la pete ya mpini.

Yabaki mawili, subana na kofia. Subana ni kile kikopo cha madini ambacho mshonaji hukivaa kidoleni asichomwe na sindano. Umbo lake ni lile lile, ni cha madini, hubana, hukinga, na neno halina kazi nyingine ya kugombana nayo. Kama istilahi zingekuwa zinachaguliwa kwa mizani, subana ingeshinda. Lakini tulipowauliza vijana ishirini na wawili wa darasa moja la ualimu, ni wanne tu waliolijua neno, na mmoja wao alidhani ni aina ya samaki. Mafundi cherehani wenyewe wengi hawaitumii tena. Kofia, kwa upande mwingine, inajulikana na kila mtu, na imekwisha kusikika katika vyumba vya meno, ambako wagonjwa husema wamevikwa kofia jino.

Sisi tumeegemea upande wa kofia ya jino, na sababu iliyotushinda ni ya kisarufi. Jino ni la ngeli ya li-/ya-, na taji ni la ngeli hiyo hiyo. Mtu akiandika "jino lenye taji limevunjika", hakuna awezaye kujua kwa hakika ni lipi lililovunjika. Kofia ni ya ngeli ya i-/zi-. "Limevunjika" ni jino. "Imevunjika" ni kofia. "Imechomoka" ni kofia iliyotoka ilhali jino lipo. Kiambishi kimoja kinamaliza ubishi ambao lugha tunayofasiri kutoka kwayo huumaliza kwa sentensi mbili. Taji basi libaki na sehemu ya asili ya jino, kama walimu wa biolojia walivyolizoea, na lisiandikwe katika maelekezo ya watunzaji pasipo kusemwa "taji la jino", au, bora zaidi, "sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi".

Tahadhari moja. Kinachovikwa kofia ni jino, si mbwa. Tumeona hati ya malipo iliyosema "mbwa wawili wavikwe kofia", na mtu wa hesabu aliyeikataa hakuwa na kosa.

Tusichanganye pia kofia ya titani na jino la titani. Mwaka 2011, baada ya mbwa wa jeshi la Marekani aitwaye Cairo kushiriki katika shambulio la Abbottabad, Pakistani, magazeti ya nchi kadhaa yalivumisha kwamba mbwa wa askari hao hung'olewa meno na kuwekewa ya titani ili waweze kutoboa fulana za chuma. Madaktari wa wanyama walikanusha: kofia huwekwa juu ya jino lililokwisha kuvunjika ili kuliokoa, wala haimzidishii mbwa nguvu ya kung'ata kuliko jino zima la asili. Nani angelivunja jino zima, lenye mzizi imara, ili aweke mahali pake kitu dhaifu zaidi? Mfasiri anayeandika "meno ya titani" anaendeleza uvumi huo bila kujua.

Jambo la mwisho ni la tarakimu. Madaktari wa wanyama hulitaja kila jino kwa tarakimu tatu: ya kwanza huonyesha robo ya kinywa, 1 kulia juu, 2 kushoto juu, 3 kushoto chini, 4 kulia chini, mbili zinazofuata huonyesha nafasi ya jino kuanzia mbele. Chonge nne ni 104, 204, 304 na 404; magego mkasi ya juu ni 108 na 208, ya chini 309 na 409. Tarakimu hizi zisomwe mojamoja: moja-sifuri-nne. Katika rasimu moja tulikuta "jino la mia moja na nne", na mhariri aliyejua kwamba mbwa ana meno 42 alilifuta akidhani ni kosa la mpiga chapa.

Sentensi ya mfasiri wetu tuliirudisha hivi, naye daktari wa mifugo aliyeipitia hakubadili neno: "Jino la mbwa likimeguka au kukatika, na ndani yake ikaonekana nukta nyekundu au nyeusi, kiini kimefunuka, mbwa apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Ikiwa jino lilikuwa na kofia nayo imechomoka, kofia itafutwe na ipelekwe pamoja naye."